Vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili baada ya kihusishi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza huandika "before to set off" kwa sababu inayoeleweka kabisa. Akilini mwake mna "kabla ya kuondoka", na tangu somo la kwanza alielezwa kwamba kusoma ni "to read" na kula ni "to eat". Akifika kwenye kihusishi, yaani neno kama "before" au "without", huichukua ile KU- na kuigeuza "to" kama alivyozoea. Tatizo ni kwamba KU- ya Kiswahili hufanya kazi mbili: hutaja kitenzi kisichofungwa na nafsi wala wakati, na pia hulifanya tendo kuwa jina, kama katika "kusoma kwake kunanifurahisha". Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maumbo mawili, "to set off" na "setting off", na kihusishi hukubali hilo la pili peke yake. Kwa hiyo kanuni ambayo hatua zote zinazofuata zinaitegemea ni hii: KU- inayokuja baada ya kihusishi ni jina la tendo, na jina la tendo huandikwa kwa -ing.

Kanuni hiyo inavihusu vitenzi vyote, lakini inapata ugumu wake halisi kwa vile vya maneno mawili au matatu, ambavyo wanafunzi wanavijua kwa jina la phrasal verbs. Vitenzi hivi hubeba neno dogo ambalo lina sura ileile ya kihusishi, hivyo mwandishi hujikuta na maneno mawili au matatu ya namna moja yamekizunguka kitenzi, bila kujua ni lipi linaloamuru na ni lipi linalofuata tu.

Hatua ya kwanza: tenganisha kihusishi na kijineno

Kitenzi cha maneno mawili ni kitenzi cha kawaida kilichoungana na neno kama "up", "off", "out", "down", "on" au "after", na kwa muungano huo kikapata maana ambayo mara nyingi haipatikani kwa kujumlisha maana za sehemu zake. "Give" ni kupa na "up" ni juu, lakini "give up" ni kukata tamaa au kuacha jambo. "Put off" ni kuahirisha, "turn down" ni kukataa, "bring up" ni kulea, "look after" ni kutunza. Hilo neno dogo la pili nitaliita kijineno katika maelezo haya, ili lisichanganywe na kihusishi kinachokitangulia kitenzi.

Tazama sentensi "She is thinking about giving up", yaani anafikiria kukata tamaa. Humo mna "about" na "up", na kwa sura yote mawili ni vihusishi. "About" imekaa kabla ya kitenzi. Inatokana na "think" na inadai jina baada yake, kwa hiyo ndiyo iliyolifanya "give" liwe "giving". "Up" imekaa baada ya kitenzi na ni kiungo cha kitenzi chenyewe. Haidai chochote, na ukiiondoa maana yote inavunjika. Njia rahisi ya kuamua, basi, ni kuuliza neno liko upande gani wa kitenzi: lililo kushoto linaamuru umbo, lililo kulia linakamilisha maana.

Kutokana na hilo inafuata kwamba -ing huwekwa kwenye kitenzi tu, kamwe si kwenye kijineno. "Give uping" si Kiingereza, wala "backuping", ambayo huonekana sana katika maandishi ya watu wa kompyuta. "Backup", "login" na "checkout" zikiandikwa kwa neno moja ni majina ya kawaida. Vitenzi vyake ni "back up", "log in" na "check out", na baada ya kihusishi tunapata "without backing up the files", bila kuweka nakala ya mafaili, na "before logging in", kabla ya kuingia kwenye mfumo.

Mara chache kihusishi na kijineno huwa neno lilelile na hukutana uso kwa uso. "Get by" ni kumudu maisha, na "by" pia ni kihusishi cha njia, hivyo sentensi "She gets by by taking on extra work", anamudu maisha kwa kuchukua kazi za ziada, ni sahihi kisarufi ijapokuwa inakwaruza sikio. "By" ya kwanza ni ya "get", ya pili ndiyo inayoamuru "taking". Binafsi ningeandika "She manages by taking on extra work", lakini nimeiweka hapa kwa sababu anayeweza kuieleza sentensi hiyo ameshaielewa hatua hii.

Hatua ya pili: chagua kihusishi kwa maana, hasa unapotafsiri KWA

Vihusishi vingi havina utata. "Kabla ya" ni "before", "baada ya" ni "after", "bila" ni "without", "badala ya" ni "instead of", "licha ya" ni "despite" bila "of" au "in spite of" ikiwa na "of". Tunapata "before setting off", "after finding out", "without giving up", "instead of putting it off", "despite falling behind". Hapa hakuna la kujadili.

KWA ndiyo inayohitaji kusimamiwa. Ukisema "alifaulu kwa kuendelea na mazoezi", KWA inataja njia, na Kiingereza kinataka "by": "She succeeded by keeping up her practice." Ukisema "aligombezwa kwa kujionyesha", KWA inataja sababu, na Kiingereza kinataka "for": "He was told off for showing off." Anayezibadilisha hizi mbili huandika sentensi yenye sarufi nzuri na maana nyingine kabisa, kwa kuwa "He was told off by showing off" inadai kwamba kule kujionyesha ndiko kulikomgombeza.

Zaidi ya hapo kuna "kwa ajili ya", ambayo waandishi wengi huitafsiri "for" kila inapotokea. Ukitoka nyumbani ili kutafuta ufunguo ulioanguka, huwezi kusema "I went out for looking for the key". Lengo la mtu anayetenda huelezwa kwa "to": "I went out to look for the key." "For" yenye -ing baada yake hutaja kazi ya kifaa, kama katika "a tool for taking off tyres", kifaa cha kutolea matairi, au sababu ya sifa, lawama, shukrani na adhabu, kama katika "Thank you for picking me up", asante kwa kuja kunichukua. Kwa maoni yangu tofauti hii ina manufaa zaidi kuliko orodha ndefu za vihusishi ambazo wanafunzi hukaririshwa, kwa sababu orodha haimwambii mtu ni lini aiache "for".

Kuna pia vihusishi ambavyo havichaguliwi kwa maana bali huja vimeshikamana na neno lililotangulia, navyo inabidi vijifunzwe pamoja na neno hilo: "insist on", "succeed in", "apologise for", "accuse someone of", "prevent someone from", "advise against", "good at", "tired of", "interested in", "the risk of", "in favour of". Kila kimoja kikifuatwa na kitenzi, kitenzi hicho huchukua -ing: "They prevented him from dropping out", walimzuia asiache masomo, "I am tired of clearing up after them", nimechoka kusafisha wanayoyachafua. Angalia kwamba katika mfano wa kwanza Kiswahili hakitumii KU- hata kidogo, kinatumia "asiache", hivyo hapa huwezi kuitegemea KU- ikukumbushe, na ni kihusishi chenyewe kinachopaswa kukushtua.

Hatua ya tatu: andika -ing kwa tahajia sahihi

Vitenzi vinavyoungana na vijineno kwa kawaida ni vifupi, vingi vyavyo vya silabi moja, na kwa hiyo kanuni ya kuongeza konsonanti hujitokeza mara kwa mara. Kitenzi cha silabi moja kinachoishia kwa irabu moja na konsonanti moja huirudia konsonanti hiyo: "putting off", "setting up", "getting on", "cutting down", "running out", "letting down", "dropping in", "logging in". Kikiwa na irabu mbili zilizoandikwa pamoja, hakirudii: "looking after", "keeping up", "breaking down". Herufi w, x na y hazirudiwi kamwe, hivyo ni "showing off", "mixing up" na "playing down".

Herufi e ya mwisho isiyotamkwa huondoka: "giving in", "taking over", "making up", "leaving out". "See" huzibakiza e zake zote mbili, "seeing off". "Lie", "die" na "tie" hubadilisha ie kuwa y, na tunapata "lying down", "dying out", "tying up". Y haibadiliki kuwa i mbele ya -ing, kwa hiyo "carrying on" na "tidying up". Hakuna kistari kati ya kitenzi na kijineno katika umbo hili.

Hatua ya nne: weka kitendwa mahali pake

Kitenzi kikishapata -ing, tabia zake nyingine zote hubaki zilivyokuwa. Kilichokuwa kinakubali kutenganishwa na kijineno chake kinaendelea kukubali, na kilichokuwa kinakataa kinaendelea kukataa.

"Fill in", kujaza fomu, ni cha kundi linalokubali. Kitendwa kikiwa jina, unaweza kusema "without filling in the form" au "without filling the form in". Kikiwa kiwakilishi kama "it", "them" au "him", hakuna hiari: lazima kikae katikati, "without filling it in". Mzungumzaji wa Kiswahili ana msaada wa asili hapa, kwa sababu katika "kuiahirisha" na "kuzijaza" kiwakilishi cha kitendwa hukaa ndani ya tumbo la kitenzi. "Putting it off" na "filling them in" zina mpangilio wa namna hiyohiyo, kitendwa kimebanwa kati ya sehemu mbili za neno moja.

Kundi la pili halitenganishwi, na kiwakilishi hukaa mwisho: "by looking after them", kwa kuwatunza, "after running into her", baada ya kukutana naye bila kutarajia, "before going over it", kabla ya kuipitia. Vitenzi vya maneno matatu karibu vyote viko katika kundi hili: "without running out of time", bila kuishiwa na muda, "instead of looking down on them", badala ya kuwadharau, "by catching up with her", kwa kumfikia. Vichache huweka kitendwa baada ya kitenzi, kama "put it down to luck", kuhusisha jambo na bahati, lakini hivyo kamusi nzuri huvionyesha waziwazi.

Kitendwa kikiwa kirefu, usikitenganishe kitenzi na kijineno chake hata kama sarufi inaruhusu. "By turning the offer that they had made to us in writing down" inamlazimisha msomaji angoje "down" mpaka mwisho, na akifika huko anaweza kuisoma kama sehemu ya "writing down", yaani kuandika. "By turning down the offer that they had made to us in writing" haina shida hiyo.

Hatua ya tano: ipime kila "to"

Hii ndiyo hatua inayowaangusha hata waandishi wenye uzoefu wa miaka mingi, kwa sababu "to" ni maneno mawili yenye sura moja. Ipo "to" ya kitenzi, iliyo katika "I want to give up", na ipo "to" ambayo ni kihusishi kamili, sawa na "on" au "of", nayo hudai -ing.

Kipimo ni chepesi. Weka "it" mara tu baada ya "to" na usikilize kama sentensi inasimama. "I look forward to it" inasimama, kwa hiyo "to" hiyo ni kihusishi na utaandika "I look forward to catching up with you", natazamia kwa hamu kuonana nawe na kupeana habari. "I hope to it" haisimami, kwa hiyo utaandika "I hope to catch up with you". Jaribu tena: "She objected to it", aliipinga, inasimama, hivyo "She objected to putting off the meeting". "She refused to it" haisimami, hivyo "She refused to put off the meeting". Fomula ya kumalizia barua rasmi, "I look forward to hearing from you", ni ya mkondo huohuo, na anayeandika "to hear from you" hapo amekosea katika sentensi ya mwisho ya barua yake.

Maneno yanayobeba "to" ya kihusishi si mengi, na inafaa kuyazoea kwa pamoja: "look forward to", "object to", "admit to", "resort to", "get round to", "be opposed to", "be committed to", "in addition to", "with a view to" na "when it comes to". Ongeza "prefer", inapolinganisha mambo mawili: "I prefer staying in to going out", napenda kubaki nyumbani kuliko kutoka. Sentensi hiyo ina vitenzi viwili vya maneno mawili na kihusishi katikati, na inastahili kusomwa kwa sauti mara kadhaa, maana wengi huandika "to go out" kwa mazoea ya kalamu tu.

"Used to" inahitaji maelezo yake yenyewe. "I used to get up early" maana yake ni kwamba zamani nilikuwa naamka mapema na sasa siamki; "to" hapo ni ya kitenzi. "I am used to getting up early" maana yake ni kwamba nimezoea kuamka mapema. "To" ni kihusishi. Kinachozitenganisha kwa jicho ni kuwepo kwa "am", "is", "was" au "get" kabla ya "used". Mtu anayeandika "I am used to get up early" anamwacha msomaji akisitasita kati ya maana mbili ambazo karibu zinapingana.

Baadhi ya vivumishi hukubali njia zote mbili, na maana husogea kidogo. "He is afraid to speak up" ni mtu asiyethubutu kusema, ananyamaza kwa hofu. "He is afraid of breaking down" ni mtu anayehofia kwamba jambo fulani, yaani kuangua kilio, litamtokea bila hiari yake. "To" hueleza tendo analoliepuka. "Of" yenye -ing hueleza tukio analoliogopa.

Hatua ya sita: ongeza ukanushi, kutendwa na mtendaji

KUTO- ya Kiswahili, kama katika "kutofika", ni "not" iliyowekwa kabla ya -ing: "He apologised for not turning up", aliomba radhi kwa kutofika. Usiseme "for not to turn up", wala "for don't turn up". Kumbuka pia kwamba "without" imeshabeba ukanushi wake, kama "bila".

Ukiona -W- ya kutendwa katika Kiswahili chako, kama katika "kuachwa", "kukataliwa" au "kulelewa", andika "being" ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi pamoja na kijineno: "afraid of being left out", akiogopa kuachwa nje, "after being turned down", baada ya kukataliwa, "without being found out", bila kugunduliwa. Kosa la kawaida ni "without been found out". "Been" haiwezi kufuata kihusishi moja kwa moja. Lazima itanguliwe na "having", na "after having been turned down" ni sahihi ingawa "after" imeshatueleza kipi kilitangulia, hivyo "having" haiongezi kitu. Mahali "having" inapofanya kazi ni pale ambapo kihusishi chenyewe hakielezi wakati: "She was accused of having made up the story", alituhumiwa kwamba alikuwa ameitunga hadithi ile.

Mtendaji wa kitenzi chenye -ing, asipotajwa, huchukuliwa kuwa ni yuleyule wa kishazi kikuu. Ni kanuni ambayo Kiswahili hakiifuati kwa ukali uleule, kwa kuwa "baada ya kuharibika kwa gari, dereva alilisukuma" hutaja wazi kilichoharibika. Anayeiandika kwa haraka kwa Kiingereza hupata "After breaking down, the driver pushed the car", na msomaji anaelewa kwamba aliyepatwa na "break down" ni dereva, nayo "break down" kwa mtu ni kuzidiwa na kulia. Picha ya dereva anayelia kisha anaanza kusukuma gari inachekesha, lakini haifai katika ripoti ya ajali. Andika "After the car broke down, the driver pushed it", ambapo "after" imekuwa kiunganishi chenye kishazi kamili, na -ing haihitajiki tena.

Mtendaji akiwa tofauti na bado unataka kutumia kihusishi, mtaje kati ya kihusishi na kitenzi: "They insisted on him taking over", walisisitiza kwamba yeye ndiye ashike uongozi. Katika maandishi rasmi sana utakutana na "his taking over". Zote mbili zinakubalika. Ya kwanza ndiyo inayosikika zaidi katika mazungumzo.

Hatua ya saba: vitenzi viwili vya namna hii vinapofuatana

Mara nyingi kitenzi cha maneno mawili humwita mwenzake. Katika "put up with being let down", kuvumilia kuvunjwa moyo, "with" ni kihusishi kilicho mwisho wa kitenzi cha kwanza, nayo inadai -ing kama kihusishi kingine chochote. Vivyo hivyo "I never got round to sorting out the papers", sikupata wasaa wa kuzipanga karatasi.

Vipo pia vitenzi ambavyo kijineno chao si kihusishi bali kielezi, lakini kitenzi kinachofuata huchukua -ing vilevile: "carry on", "keep on", "give up", "put off", "end up". "He ended up giving in", mwishowe alisalimu amri. "She keeps on putting it off", anazidi kuiahirisha. Kwa mwandishi matokeo ni yaleyale, hivyo haina haja ya kuumiza kichwa kuvigawa.

Kinachohitaji uangalifu ni vichache vinavyodai "to". "Set about" na "set out" vinafanana kwa sikio, lakini "She set about sorting out the files" maana yake ni kwamba alianza kazi ya kuyapanga mafaili, na "She set out to sort out the files" ni kwamba alikusudia kuyapanga, pengine asifanikiwe. "Go on" ina njia mbili: "He went on taking on new work" aliendelea kupokea kazi mpya, "He went on to take on new work" baadaye, baada ya jambo jingine, alipokea kazi mpya. "Turn out" yenye maana ya kubainika, ikifuatwa na kitenzi, kitenzi hicho huchukua "to".

Hatua ya nane: yajue maneno yanayojifanya vihusishi vya kawaida

"During" ni kihusishi, lakini haipendi -ing ya kitenzi. "During taking off" si sahihi. Sema "while taking off" au tumia jina, "during take-off", wakati wa kuruka kwa ndege. "Because of" nayo hupendelea jina kuliko tendo, na kwa kawaida ni afadhali kuandika "because" na kishazi kamili: "because the talks broke down", kwa kuwa mazungumzo yalivunjika.

"But" na "except", zikiwa na maana ya "isipokuwa" na zikitanguliwa na "do", hufuatwa na kitenzi kitupu: "They did everything except give up", walifanya yote isipokuwa kukata tamaa. "No choice but" hufuatwa na "to": "He had no choice but to give in." "Rather than" hukubali kitenzi kitupu na -ing pia, "rather than put it off" au "rather than putting it off". Na "about" ikiwa imetanguliwa na "be" ikimaanisha kukaribia kutenda, hudai "to": "We are about to set off", tunakaribia kuondoka, tofauti na "We are talking about setting off", tunazungumzia kuondoka.

Hatua ya tisa: ikague rasimu yako

Pitia maandishi yako ukitafuta vihusishi peke yake, si vitenzi. Kwenye kila kihusishi simama na uangalie neno linalofuata. Likiwa kitenzi, lazima liwe na -ing au uwe na sababu kutoka hatua ya nane. Kisha rudi mara ya pili ukizitafuta "to" tu, uzipime kwa "it". Mara ya tatu angalia viwakilishi kama vimekaa katikati panapotakiwa.

Chukua aya hii: "Before to set out, he insisted on fill in the form again. After looking over it he apologised for not to turn up earlier, because he is not used to get up at dawn. He is looking forward to move out without been asked." Duru ya kwanza inazikamata "before to set out", "on fill in", "for not to turn up" na "without been asked". Ya pili inazikamata "used to get up" na "forward to move out". Ya tatu inakamata "looking over it", kwa kuwa "look over", kupitia maandishi, ni cha kundi linalotenganishwa. Aya iliyosahihishwa inasomeka hivi: "Before setting out, he insisted on filling in the form again. After looking it over he apologised for not turning up earlier, because he is not used to getting up at dawn. He is looking forward to moving out without being asked."